Programu Iliyosema Hakuna

Asubuhi za Julai pale Kihesa, Iringa, hazina huruma. Maji ya bomba yanauma vidole, na ukifungua mdomo kusalimia unaona pumzi yako ikitoka kama moshi wa jikoni. Kengele ya kuamka ilipolia, Eveline alikuwa ameshatandika kitanda chake na ameshika ncha ya blanketi la Bupe.

"Amka, mdogo wangu. Maji ya moto yatakwisha."

"Dakika moja tu, dada Eveline."

"Dakika yako ya jana ilifika hadi wakati wa uji. Amka!"

Katika shule ile ya bweni kulikuwa na desturi moja ambayo wageni waliishangaa. Kila msichana wa darasa la sita alikabidhiwa mdogo wake wa darasa la tatu. Alimwamsha, alimkagua kucha, alimsimamia kufua soksi, na mdogo akiugua, dada yake wa bweni ndiye aliyeulizwa kwanza. Eveline, aliyetoka Kilolo kwa wazazi wakulima wa viazi, alikabidhiwa Bupe kutoka Uyole, Mbeya. Bupe alikuwa na umri wa miaka tisa, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele na maswali yasiyokwisha. Walipendana kama watoto wa tumbo moja, na waligombana hivyo hivyo.

Akishamkabidhi Bupe kwenye foleni ya uji, Eveline alikimbilia chumba cha kompyuta. Huko ndiko moyo wake ulikokuwa. Alikuwa mwerevu, hilo hakuna aliyebisha. Shida ni kwamba hata yeye mwenyewe hakubisha. Alipenda sana kusifiwa, na muhula ule sifa zilimjia kwa wingi kwa sababu ya programu aliyoiandika.

Mambo yalianzia kwenye daftari la Matroni Damari. Matroni alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, kingo zake zimelika kwa miaka mingi. Humo aliorodhesha wanafunzi wote mia moja themanini na sita, kila mmoja na namba yake, na mbele ya kila jina aliandika kama mtoto huyo ana mzio. Mzio ni pale mwili unapokataa chakula au dawa ambayo kwa wengine haina neno. Wasio na mzio aliwaandikia kwa kalamu ya bluu. Wenye mzio, ambao walikuwa kumi na wanne tu, aliwaandikia kwa kalamu nyekundu. Kila safari ya shule, Matroni alilibeba daftari hilo kwapani.

"Mwalimu, daftari likiloa mvua je? Likipotea?" Eveline alimwuliza siku moja Mwalimu Kalinga, mwalimu wao wa kompyuta. "Tuliweke kwenye kishikwambi chako. Unaandika namba ya mtoto, unajibiwa papo hapo."

Mwalimu Kalinga alifurahi mpaka akamwonesha njia. Walitumia kile alichokiita jedwali la funguo.

"Fikiria kabati lenye droo nyingi," alisema. "Kila droo ina ufunguo wake. Ufunguo hapa ni namba ya mwanafunzi, na ndani ya droo mna taarifa yake ya mzio. Kompyuta haipekui droo moja baada ya nyingine kama wewe unavyotafuta soksi. Ukiipa ufunguo, inaupigia hesabu na kwenda moja kwa moja kwenye droo inayohusika."

Eveline aliandika programu kwa siku nne. Kuandika wanafunzi wote mia moja themanini na sita kulimchosha hata kabla hajaanza, kwa hiyo akapata wazo. Aliingiza wale kumi na wanne wa kalamu nyekundu tu. Kisha akaiamuru programu kwamba, ikitafuta namba na isiione, ijibu: Hakuna mzio. Alijiona mjanja. Kwa nini aandike watu mia na sabini na wawili wasio na tatizo lolote?

Jumamosi ile programu ilipokamilika, wenzake walikuwa uwanjani wakimsubiri. Timu yao ya netiboli ilikuwa pungufu mtu mmoja, na Sosthenes, mwanafunzi mwenzake wa kompyuta, alikuwa dirishani akimpigia kelele kwamba mchezo unaanza. Eveline aliandika namba yake mwenyewe, arobaini na moja. Programu ikajibu: Hakuna mzio. Ni kweli, hakuwa na mzio wa kitu chochote. Akapiga makofi peke yake na kusimama.

Mwalimu Kalinga akaingia. "Imekubali?"

"Imekubali, mwalimu!"

"Umeijaribu kwa wanafunzi wangapi?"

Eveline akatazama dirishani. Mchezo ulikuwa umeshaanza. "Ishirini, mwalimu. Kumi wenye mzio na kumi wasio nao. Yote sawasawa."

Uongo ule ulitoka laini, bila hata kumkwaruza koo. Mwalimu akaandika kwenye taarifa ya mradi, "Imejaribiwa kwa wanafunzi ishirini," akaweka saini, na taarifa ikapelekwa kwa Mwalimu Mkuu. Mradi ulichaguliwa kwenda kwenye maonesho ya shule jijini Mbeya mwezi unaofuata, na Eveline ndiye angesimama mbele ya wageni kuueleza. Matroni Damari akalifungia daftari lake kabatini. Bupe akatangaza bweni zima kwamba dada yake atapita Uyole na atamsalimia mama.

Wiki mbili baadaye ikafika siku ya safari ya Hifadhi ya Ruaha. Matroni alibaki bwenini na watoto wasiosafiri, na wanafunzi thelathini na wanane wakapanda basi pamoja na Mwalimu Kalinga na Mwalimu Mercy. Waliimba kuanzia Iringa mjini. Kadiri walivyoteremka baridi iliwaacha, masweta yakavuliwa moja moja, na vumbi jekundu likaanza kuingia madirishani. Bupe tu ndiye ambaye hakuimba. Aliegemeza kichwa begani kwa Eveline, akafumba macho.

"Una nini wewe leo?"

"Usingizi tu, dada."

Walipofika Idodi basi likasimama ili watu wachimbe dawa na kunyoosha miguu. Bupe alijaribu kusimama akashindwa. Eveline alimgusa paji la uso akauondoa mkono kwa mshtuko. Mtoto alikuwa anawaka. Alipomvua soksi ya kulia, alikuta mguu umevimba kuanzia kifundo hadi karibu na goti, na kwenye muundi kuna kidonda kinachotoa usaha.

"Bupe! Hiki kidonda cha lini?"

"Cha Jumapili," Bupe alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Nilianguka kwenye ngazi. Ningesema ningebakishwa, nisione tembo."

Eveline alihisi aibu. Kila asubuhi alimkagua kucha, na soksi hakuwahi kuivuta.

Kwa bahati kituo cha afya hakikuwa mbali. Mwalimu Kalinga alimbeba Bupe mgongoni, Eveline akabeba mkoba, na Sosthenes akawafuata na chupa ya maji. Mwalimu Mercy alibaki na wengine kwenye basi. Nesi aliyewapokea aliitwa Juliana, mama wa makamo mwenye miwani, asiye na maneno mengi.

"Kamwene," aliwasalimu.

"Kamwene, nesi," Mwalimu Kalinga alijibu akihema. "Mtoto wetu huyu, mguu."

Nesi Juliana alikitazama kidonda, akapima joto, akatikisa kichwa. "Umefanya vizuri kuniletea sasa hivi. Wadudu wameshaanza kupanda. Nitakisafisha, lakini kwanza nimpe sindano ya penisilini iwahi." Akamgeukia Bupe. "Mwanangu, kuna dawa yoyote ulishawahi kupewa ikakudhuru?"

"Sijui," alisema Bupe. Meno yalikuwa yanagongana.

"Mwalimu, ana mzio wa dawa?"

"Hilo tunalo hapa," Mwalimu Kalinga alisema, na hata katika wasiwasi ule sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Alitoa kishikwambi mkobani. "Siku hizi hatubebi madaftari, nesi. Namba yako, Bupe?"

"Ishirini na saba."

Mwalimu aliandika. Kioo kikajibu. Akamwonesha nesi. "Hakuna mzio."

"Vizuri." Nesi Juliana akageukia meza yake, akavunja kichupa, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Eveline alikuwa amesimama kichwani pa kitanda, amemshika Bupe mkono. Alisikia maneno yale mawili, Hakuna mzio, akashtuka. Maana alikuwa ameandika wale kumi na wanne kwa mkono wake. Alikumbuka fomu moja iliyobandikwa kwenye daftari la Matroni, mwandiko wa mama mmoja wa Mbeya, neno moja kwa herufi kubwa lililopigiwa mistari mitatu mpaka karatasi ikakaribia kuchanika. Penisilini. Namba ishirini na saba. Siku ile hata alimcheka Bupe kwamba mama yake anaandika kama anagombana na karatasi.

Labda amekosea yeye. Labda ni mtoto mwingine. Programu ilikuwa imepita mikononi mwa Mwalimu Mkuu, ilikuwa na saini, ilikuwa inakwenda Mbeya. Akisema sasa, ataulizwa ilijaribiwaje. Na akiulizwa hivyo, kila kitu kitafumuka mbele ya mwalimu, mbele ya nesi na mbele ya Sosthenes mwenye mdomo wake.

Nesi alikuwa ameinua sindano kwenye mwanga na kutoa hewa. Akapiga hatua kuelekea kitandani. "Mgeuze kidogo, mwanangu."

"Hapana!" Eveline alipiga ukelele ambao hakujua kama ni wake. Akajilaza nusu juu ya Bupe. "Nesi, usimchome! Programu inadanganya!"

Nesi Juliana akasimama palepale. Mwalimu Kalinga akaduwaa. "Eveline, una wazimu? Si uliijaribu wewe mwenyewe?"

"Sikuijaribu, mwalimu!" Alikuwa analia sasa. "Nilijaribu namba moja tu. Yangu. Nilikudanganya. Mpigie Matroni, tafadhali, mpigie Matroni aangalie daftari!"

Nesi akasema kwa sauti ndogo, "Mpigie."

Simu iliita mara mbili. Mwalimu aliweka sauti ya wazi, na wote wakasikia ufunguo ukizungushwa kwenye kabati, kurasa zikifunuliwa, Matroni Damari akijisomea chini chini. "Ishirini na tano... ishirini na sita... ishirini na saba, Bupe." Ghafla akaanza kupiga kelele. "Nyekundu! Kalamu nyekundu! Penisilini, mwalimu, penisilini! Msimpe! Mmeshampa? Niambieni mmeshampa?"

"Hatujampa," Mwalimu Kalinga alisema, akakaa kwenye benchi.

Nesi Juliana aliiweka ile sindano kwenye sahani ya chuma. Ililia kidogo, na Eveline hakuisahau sauti ile kwa muda mrefu. Nesi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa nesi kwa miaka ishirini na miwili.

"Ilibaki nukta," alisema. "Nukta tu."

Hakupoteza muda zaidi. Alichagua dawa ya jamii nyingine kabisa, akamnywesha Bupe, akaanza kusafisha kidonda taratibu. Nje kwenye veranda, Mwalimu Kalinga alikuwa amekishika kishikwambi kama mtu aliyeshika nyoka. Alimwomba Matroni amsomee namba zote kumi na nne za kalamu nyekundu, naye akaziandika moja moja. Sitini na tatu, Anord, asiyekula mayai: Hakuna mzio. Mia na tisa, asiyevumilia salfa: Hakuna mzio. Themanini, tisini na mbili, kumi na nne. Hakuna mzio, hakuna mzio, hakuna mzio.

"Jaribu mimi, mwalimu," alisema Sosthenes. "Hamsini na nane. Mimi wa karanga."

Hakuna mzio.

Sosthenes alitumbua macho. "Mimi? Mimi nikila karanga mbili nageuka andazi! Eveline, ulitaka kutuua?"

Angeweza kusema lolote baya zaidi ya hapo na Eveline asingejibu. Kati ya watoto kumi na wanne, programu haikumtaja hata mmoja. Ilikuwa imedanganya kwa kila mtu ambaye ilitakiwa kumlinda, na imesema kweli kwa wale tu ambao hawakuihitaji. Alikaa sakafuni, akaweka uso kwenye magoti.

Nesi alitaka Bupe alale pale mpaka mchana aangaliwe. Basi likaendelea na safari kwenda hifadhini na Mwalimu Mercy, wakaahidi kuwapitia wakirudi. Sosthenes alikwenda nao. Eveline aliambiwa naye anaweza kwenda, akakataa. Aliketi kando ya Bupe mpaka mtoto akapata usingizi, ndipo Mwalimu Kalinga akamwita verandani. Hakumgombeza, na hilo lilimwogopesha zaidi.

"Tuitafute," alisema. "Machozi hayaonyeshi kosa liko wapi. Zile namba ulizoweka kwenye jedwali ziko hapa?"

"Ziko, mwalimu. Hii hapa ishirini na saba, na penisilini iko mbele yake."

"Basi droo ipo, na ndani mna taarifa. Kwa nini haifunguki?" Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akamfanyia jambo la ajabu. "Iamuru ijumlishe ishirini na saba na ishirini na saba."

Eveline akaandika. Jibu likaja: 54.

"Sasa ongeza mstari mmoja. Programu imwombe mtu aandike namba mara mbili, izipokee, izijumlishe kama zilivyo."

Eveline akaandika mstari ule, akaiendesha, akaandika 27, akaandika tena 27. Kioo kikajibu: 2727.

Alikitazama kile kioo mdomo wazi. "Mwalimu, kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Kimekutii. Ulipoandika ishirini na saba ndani ya programu, uliiandika kama namba, kitu cha kuhesabia. Lakini chochote mtu anachoandika kwa vidole programu ikiwa inauliza, huwa inakipokea kama maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Ni kama namba iliyo mgongoni kwa mchezaji. Ukiwasimamisha mchezaji namba mbili na namba saba bega kwa bega, huwezi kusema umepata mchezaji namba tisa. Zile ni alama za kusoma tu. Kwa macho yako na yangu hizi mbili zinafanana. Kwa kompyuta ni aina mbili tofauti za data."

Eveline alianza kuona. "Kwa hiyo droo zangu nilizifunga kwa ufunguo wa namba..."

"Na kila aliyekuja kufungua alikuja na ufunguo wa maandishi. Kompyuta ikaupigia hesabu ule ufunguo, ikaenda kwenye droo nyingine kabisa, ikakuta patupu."

"Na patupu..." Akakitazama kioo tena. "Patupu niliiambia iseme hakuna mzio."

"Naam."

"Lakini mbona haikulalamika? Haikutoa hata onyo moja?"

"Ilalamike nini? Ilitafuta, haikuona, ikafuata amri yako. Hata namba yako arobaini na moja haikuwa kwenye jedwali. Ilikujibu sawa kwa bahati tu." Mwalimu akavuta pumzi. "Kurekebisha ni mstari mmoja. Unageuza maandishi kuwa namba kabla ya kutafuta. Ungejaribu hata mtoto mmoja wa kalamu nyekundu, ungeligundua siku ileile."

Mstari mmoja. Mtoto mmoja. Eveline alimtazama Bupe kupitia mlangoni, amelala mdomo wazi na pengo lake linaonekana, akalia upya.

"Na mimi niliweka saini bila kuangalia," alisema Mwalimu Kalinga. "Hilo ni langu, nitamwambia Mwalimu Mkuu mwenyewe. Lakini kuna mtu mmoja anapaswa kuambiwa na wewe." Akatafuta namba kwenye simu yake, akampa.

Mama yake Bupe alipokea upesi, kelele za soko la Uyole nyuma yake. Eveline alimwamkia, akajitambulisha, akaeleza yote bila kuruka kitu: kidonda, sindano, programu, uongo wa wanafunzi ishirini.

"Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili," mama alisema. "Walimchoma sindano hiyo, uso ukavimba, akaacha kupumua mikononi mwangu. Walimrudisha kwa taabu sana. Ndiyo maana nilipiga ile mistari." Kisha akauliza, "Wewe ndiye dada yake wa bweni? Yule ambaye Bupe hunisimulia habari zake kila likizo?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimeshtuka, mwanangu. Siwezi kukuficha, nimeshtuka na nimekasirika. Lakini ungenyamaza, saa hizi ningekuwa napigiwa simu nyingine." Sauti ikamvunjika. "Ndaga fijo. Asante kwa kusema. Mwangalie mpaka nifike."

Alifika shuleni kesho yake kwa basi la asubuhi. Bupe alikuwa ameshapata nguvu ya kuomba uji mara mbili. Kuhusu Mwalimu Mkuu, alisikiliza pande zote, akatoa uamuzi ambao Eveline aliutegemea: mradi ule hauendi Mbeya mwaka huo. Eveline alilia siku ile, kisha akaenda kugonga mlango wa Matroni Damari.

"Matroni, shikamoo. Naomba daftari. Nataka kuandika upya wote mia moja themanini na sita, wa bluu na wa nyekundu. Halafu tujaribu kila mmoja."

"Marahaba. Kila mmoja? Itatuchukua hadi Jumapili."

"Na iwe Jumapili."

Ilichukua kweli mpaka Jumapili alasiri. Matroni alisoma kutoka kwenye daftari, Eveline aliandika kwenye kishikwambi, na Bupe, mguu wake umefungwa bendeji na kulazwa juu ya stuli, aliweka alama ya vema kwa kila jibu sahihi. Walipofika namba sitini na tatu, Matroni aliacha kusoma.

"Huyu Anord," alisema taratibu. "Siku chache kabla ya safari, niliiuliza mashine yenu kuhusu yeye ikasema hakuna mzio. Mimi nakumbuka vizuri hali mayai. Nikajiambia labda wazazi wamebadilisha fomu, mashine inajua kuliko mimi. Nikampa nusu yai, akajikuna kutwa nzima." Alimtazama Eveline usoni. "Niliona, nikanyamaza. Ningeuliza siku ile, Bupe asingeifikia ile sindano. Kwa hiyo usidhani unalibeba peke yako."

Alikuwa mtu mzima wa pili ambaye Eveline amemsikia akikiri kosa mbele yake. Wakaendelea. Namba ishirini na saba walikuwa wameshaipita asubuhi, lakini Bupe alitaka aione tena, na kioo kikaandika kwa herufi nyekundu: PENISILINI. USIMPE. Bupe akaweka vema ya pili, kubwa kuliko zote.

Walipomaliza ya mwisho, Matroni akafunga daftari. Kisha akacheka kidogo, cheko la kuchokoza. "Haya, na mimi nijaribu. Andika mia mbili."

"Lakini hakuna mwanafunzi namba mia mbili, Matroni."

"Ndiyo nataka niisikie itasemaje."

Eveline akaandika. Kioo kikajibu: SIJUI. ANGALIA DAFTARI.

Matroni Damari aliyasoma maneno yale mara mbili. Alivuta kiti akakaa, akamshika Eveline bega.

"Sasa nisikilize. Ile ya kwanza ilitafuta, haikuona, ikasema hakuna. Wewe nawe hukujaribu, ukasema umejaribu. Nyote wawili mlikuwa na neno fupi la kweli, mkaliogopa. Neno lenyewe ni hili hapa kwenye kioo. Kusema sijui kungekuaibisha dakika moja mbele ya mwalimu wako. Kutosema kulitaka kutuondolea mtoto huyu hapa. Fanya kazi yako mpaka mwisho, mwanangu, na pale usipofika, sema hujafika. Hapo ndipo nitaweza kukuamini wewe na mashine yako."

"Nimekuelewa, Matroni."

Bupe aliinua mkono kama yuko darasani. "Matroni, na mimi nina la kusema." Aliteremsha soksi ya mguu wa kushoto, ule mzima, akaonyesha kisigino. "Kuna lengelenge hapa. La viatu. Lilianza jana."

Eveline alikuwa ameshapiga magoti kulitazama kabla Matroni hajafungua sanduku la dawa.